Sevo ya X inanguruma ikiwa imesimama na duara linatoka na vikovu vinne: ni PID (kanuni inayorekebisha kosa la mahali) au ni pleyi (ulegevu unaoonekana mhimili ukigeuza upande)?

SkrubuTano:

Wakuu, habari za kazi. Naomba msaada kwenye mashine ndogo ya milingi iliyobadilishwa kuendeshwa na kompyuta. Slaidi ni za mkia wa njiwa. X na Y zina skrubu za gololi 1605 (kipenyo mm 16, hatua mm 5), daraja C7. Sevo ni za AC, wati 400, draiva zimewekwa kwenye hali ya mwendokasi kwa volti -10 hadi +10, na volti 10 ni mizunguko 3,000 kwa dakika. Enkoda (kihisi cha mzunguko wa mota) ni ya mistari 2,500, yaani hesabu 10,000 kwa mzunguko. Mkanda HTD 5M unatoka puli ya meno 20 kwenda ya meno 40. Kadi ni Mesa 5i25 na 7i77, programu LinuxCNC.

Matatizo:

1. Nikikata duara la ndani (njia ya nusu kipenyo mm 15, F1200, yaani fidi ya mm 1,200 kwa dakika) linatoka na vikovu juu, chini, kulia na kushoto. Kipimo cha X kinapungua 0.11, cha Y 0.05.
2. Nikiweka BACKLASH (fidia ya pleyi ya programu) = 0.11 kwenye X, mashine inagonga kila inapogeuza upande, mara nyingine inasimama na kusema "joint 0 following error", yaani mhimili wa X umeachwa na amri kupita kikomo.
3. Hata bila BACKLASH, G0 (mwendo wa haraka) ndefu huleta kosa hilohilo.
4. Mota ya X ikisimama inanguruma na kutetemeka.

Namba za sasa kwa X (P hujibu kosa la sasa, I kosa lililojikusanya, D badiliko la kosa; FF1 na FF2 huongeza amri moja kwa moja kwa kasi na kwa mchapuko; DEADBAND ni kosa dogo linalopuuzwa; FERROR na MIN_FERROR ni vikomo vya kosa): P = 40, I = 150, D = 0, FF1 = 0, FF2 = 0, DEADBAND = 0, MAX_VELOCITY = 100, MAX_ACCELERATION = 400, FERROR = 1.0, MIN_FERROR = 0.05. Nianzie wapi?

GololiMoja:

Mkuu, hapo una matatizo mawili yamevaa kanzu moja. Namba 1 ni ya chuma, namba 3 ni ya PID, na namba 2 na 4 zimechanganyika. Usiguse PID kwanza. Rudisha BACKLASH = 0, chukua daili geji ya 0.01 au bora zaidi ya 0.002, utafute huo 0.11 unaishi wapi.

Jumla yake ipime hivi. Simamisha geji kwenye kichwa cha mashine, ncha iguse kitu kilichofungwa mezani. Peleka X-2, kisha X0 kwa F100, sifurisha geji. Nenda X1, rudi X0. Geji itakachosoma ndiyo pleyi yote. Rudia mara tano, na ufanye katikati ya meza, mwisho wa kushoto na mwisho wa kulia. Kama katikati inasoma zaidi, skrubu imelika hapo, na namba moja ya BACKLASH haitakufaa. Ungehitaji COMP_FILE (faili la fidia ya kila sehemu ya skrubu), ambayo haitumiki pamoja na BACKLASH kwenye joint (mhimili) moja.

Kisha gawanya hiyo jumla:

Weka gololi ndogo kwa grisi kwenye tundu la senta mwisho wa skrubu, ncha ya geji iiguse. Sevo ikiwa imeshika, sukuma na vuta meza kwa mkono kwa nguvu ya kama kilo 20. Skrubu ikitembea mbele na nyuma, ugonjwa uko kwenye beringi za kuzuia msukumo au kibebeo chake.

Hamishia geji kati ya mwili wa nati na kibao kinachoishika nati mezani. Ikisogea, ni boliti au kibao chenyewe kinapinda.

Kinachobaki ni cha nati na gololi.

Mkanda usiuhukumu haraka. Puli ya meno 40 ina mzingo wa mm 200, kwa hiyo ulegevu wa 0.1 kwenye meno ni 0.1 ÷ 200 × 5 = mm 0.0025 tu mezani. Lakini skrubu ndogo ya kubana puli kwenye shafti ikilegea, hesabu inabadilika kabisa: kila nyuzi 1 ya mzunguko wa skrubu ni mm 0.014.

Jambo la mwisho, na hapa wengi hudanganyika. Slaidi ikibanwa sana au ikikauka, geji nayo itaonyesha "pleyi". Jua tofauti kwa kusogeza 0.01 kila mara kuelekea upande mmoja. Pleyi hula mwendo mara moja tu unapogeuza, baadaye meza inafuata vizuri. Msuguano wa kukwama unaifanya geji itulie, itulie, kisha iruke 0.03 kwa mkupuo, hata kama hujageuza upande.

kata_shoti:

Mnazunguka sana. Pleyi 0.11 weka 0.11 kwenye BACKLASH, punguza mchapuko (MAX_ACCELERATION), kata kwa upande wa kawaida badala ya kufuata meza. Mashine nyingi za karakana zinafanya kazi hivyo miaka yote.

DadaSevo:

Kaka, ushauri wa upande wa kukata ni sahihi, huo wa 0.11 hapana. Hesabu zenyewe zinakataa.

LinuxCNC ikifidia pleyi haitupi ile 0.11 kwa pigo moja, inaitembeza kwa nusu ya mchapuko wa joint. Kwa MAX_ACCELERATION 400 ni 200 mm/s². Muda ni 2 × √(0.11 ÷ 200), karibu milisekunde 47. Kwa F1200 mhimili wa pili unasafiri mm 20 kwa sekunde, kwa hiyo Y imeshakwenda karibu mm 0.94 kabla X haijamaliza kuvuka pleyi yake.

Sasa kwa nini mashine inazima? Katikati ya fidia kasi inafika kama 4.7 mm/s. FF1 ikiwa 0, kasi yote lazima itoke kwenye kosa lenyewe, na kwa P = 40 kosa hilo hupanda hadi karibu 0.06. Wakati huo X inageuza, amri yake ya kasi ni karibu sifuri, kwa hiyo kikomo kinachotumika ni MIN_FERROR, 0.05. Imepita, imezima. Kupandisha MIN_FERROR ni kuziba kengele masikio.

Namba 3 ni mdudu yuleyule. Kikomo kinapanda sambamba na kasi, kufikia FERROR kwenye MAX_VELOCITY. Mashine ikiwa 40 mm/s unaruhusiwa 0.4. Bila FF1, P = 40 ingetaka kosa la mm 1 ili itoe 40 mm/s. I inasaidia kujaza pengo lakini inachelewa, huku mchapuko unaendelea.

Kuhusu upande wa kukata: jino la endimili (kisu cha milingi) likienda njia moja na meza, linaivuta meza mbele. Fidia ya programu imeiweka mota upande sahihi wa pleyi, ila hakuna kinachoizuia meza kurukia upande wa pili zaidi ya msuguano wa slaidi. Ndipo endimili ya mm 6 inapovunjika. Kwa spindo inayozunguka M3 (kisaa), ukitaka jino lipingane na meza, ndani ya shimo zunguka kwa G2 (duara la kisaa), nje ya kazi zunguka kwa G3 (kinyume cha saa). Ukimaliza matengenezo na kubaki na pleyi ya 0.02, unaweza kufanya pasi ya mwisho kwa upande mwingine ukiacha nyama ya 0.1 hadi 0.2 tu.

SkrubuTano:

Ahsanteni. Nimepima X katikati ya meza, na miisho yote miwili inakaribiana:

jumla 0.11
mwisho wa skrubu unatembea 0.07
nati dhidi ya kibao chake 0.01
kinachobaki 0.03

Hakuna mruko wa slaidi ninaposogeza 0.01. Kibebeo kina beringi mbili za kawaida 6001, loknati (nati ya kuzibana) moja.

Mzee_wa_Beringi:

Mwanangu, 6001 hapo si mahali pake. Beringi ya gololi ya kawaida ina ulegevu wa ndani, na ulegevu huo ukiupima kwa kusukuma shafti kwa urefu unakuwa mkubwa mara kadhaa kuliko ukiupima kwa upana. Kubana loknati kwenye 6001 mbili zilizokaa bega kwa bega bila spesa hakusaidii: pete za ndani zinagusana na za nje zinagusana, gololi zenyewe hazibanwi na kitu.

Tafuta kibebeo cha BK12 chenye 7001, beringi za pembe, jozi iliyosagwa pamoja. Zipange mgongo kwa mgongo, maana yake uso mpana wa pete ya nje ya moja unatazamana na uso mpana wa mwenzake. Katika mpangilio huo pete za ndani ndizo zinabanwa na loknati ya M12×1, na kuzibana ndiko kunakoondoa ulegevu. Ukizipanga vibaya, zote zikitazama upande mmoja, utazuia msukumo wa kwenda tu. Wa kurudi utabaki wazi, na geji itakuumbua.

Kabla ya kununua, fungua kifuniko cha BK12 utazame namba. Vibebeo vingine vya bei nafuu vinauzwa kwa jina hilohilo vikiwa na 6001 ndani.

Kubana: kaza loknati kidogo kidogo huku geji iko mwisho wa skrubu, ukisukuma na kuvuta. Ikifika chini ya 0.005, simama. Zungusha skrubu kwa vidole: iwe nzito kidogo lakini laini, isiwe na vituo. Funga skrubu ndogo ya loknati na kipande cha shaba chini yake kisiharibu nyuzi. Halafu endesha G0 kwenda na kurudi kwa dakika 10. Vuguvugu ni sawa. Kama mkono haukai juu ya kibebeo, umebana kupita kiasi na beringi hazitaishi. Upande wa pili wa skrubu, kwenye kibebeo cha BF12, acha skrubu ielee kwa urefu. Ukiifunga kotekote joto la skrubu litapinda kitu.

Ile 0.01 ya kibao: ondoa boliti, pangusa, angalia kama rangi au taka imekaa kati ya nati na kibao. Mara nyingi ni hiyo.

Nati. 0.03 kwa nati moja ya 1605 si ajabu. Una njia mbili. Ya kwanza ni nati pacha yenye spesa ya kubana, lakini pima urefu: utapoteza mwendo wa meza. Ya pili ni kubadilisha gololi. Nati hizi hutumia gololi za 3.175, unaweka zilizozidi maikroni chache, unapanda kwa hatua za maikroni 5 hadi nati ikae bila mwanya bila kukwama. Tumia gololi za kundi moja tu, usichanganye saizi, na usitoe nati kwenye skrubu bila bomba lenye kipenyo cha shina la skrubu, la sivyo jioni yote utaokota gololi chini ya benchi. Safisha kwa mafuta ya taa, hesabu zilizotoka kila njia, rudisha idadi ileile.

Kumbuka pia C7 ina kosa la hatua linaloruhusiwa la takriban 0.05 kwa kila mm 300. Hilo si pleyi wala haliondoki kwa kubana.

DadaSevo:

Beringi zikishakaa, ndipo PID. Kwa sevo ya mwendokasi mimi hupanga namba ziwe na maana ya mm kwa sekunde, si volti, ili uweze kuzisoma bila kikokotoo. Mota 3,000, puli nusu, skrubu 1,500 × mm 5 = 7,500 mm kwa dakika, yaani 125 mm/s kwa volti 10. Weka OUTPUT_SCALE (amri inayolingana na volti 10) = 125, na scalemax ya 7i77 iwe 125. Hapo FF1 inayotarajiwa ni 1 hasa, na P = 40 maana yake kosa la mm 1 linatoa 40 mm/s. Hesabu za enkoda ni 4,000 kwa mm, kila hesabu 0.00025.

Kama umetumia volti kama kipimo, FF1 inayolingana ni 10 ÷ 125 = 0.08, na P zote zinazidishwa kwa 0.08 vivyo hivyo. Watu wanaonakili namba za mwenzao bila kuuliza kipimo ndio wanaolia.

Mfuatano wangu:

Kwanza draiva yenyewe. Kitanzi cha mwendokasi kiko ndani ya draiva, LinuxCNC haiwezi kukitengeneza kutoka nje. Pandisha geini ya mwendokasi ya draiva mzigo ukiwa umefungwa hadi mota ianze kuimba, ishushe kama theluthi. Kisha volti 0: mota ikitambaa polepole, rekebisha ofseti kwenye draiva. Ukiiacha, I ndiyo itabeba mzigo huo siku zote.

Pili: P = 10, I = 0, D = 0, FF1 = 1, FF2 = 0. Ongeza FERROR kwa muda isikusumbue. Fungua Halscope (kichoraji cha mawimbi cha LinuxCNC), weka joint.0.vel-cmd, joint.0.f-error na pid.x.output. Endesha G1 (mwendo wa fidi iliyopangwa) kwenda na kurudi mm 60 kwa F3000. Angalia sehemu ya kasi isiyobadilika tu. Kosa likibaki juu ya sifuri wakati wa kwenda na chini wakati wa kurudi, FF1 haijatosha. Likigeuka kinyume, imezidi. Ukiona inakutaka 1.2 au 0.8, usikubali; rudi utazame OUTPUT_SCALE au mpangilio wa draiva, kwa sababu hesabu imekosewa mahali.

Tatu: P. 20, 40, 60, 80, 100. Kila mara tazama kosa linapogeuza upande. Likianza kupiga mawimbi matatu manne kabla ya kutulia, umefika ukingoni; chukua asilimia 60 ya hapo. Usitumie kanuni ya Ziegler na Nichols ya 1942 ya kupanga PID kama ilivyo. Inakubali kuzidi lengo kisha kurudi, na kwenye mashine ya kukata chuma kuzidi lengo ni kovu.

Nne: FF2, kwa ajili ya vilima vinavyobaki wakati wa mchapuko. Anza 0.001. Kwa mchapuko wa 400 hiyo inaongeza 0.4 mm/s. Panda hadi vilima vilale, ukiona vimegeuka mabonde rudi nyuma.

Tano: I, mwisho kabisa na kwa uchache. Mngurumo wako wa namba 4 una asili hapa. Mota ikisimama na kosa dogo, msuguano unaishikilia. I inajaza, inajaza, mota inakwatuka, inapita lengo, mchezo unaanza upya kwa upande wa pili. Pleyi inazidisha, kwa kuwa ndani yake mota inazungusha puli na skrubu tu bila uzito wa meza, hivyo geini ileile inakuwa kali zaidi. Baada ya beringi mpya jaribu I = 10, kisha 20. Weka DEADBAND = 0.0005, yaani hesabu mbili za enkoda, ili isipigane na mistari ya enkoda yenyewe.

D iache 0. Draiva ina kitanzi chake cha mwendokasi. D ya nje huongeza kelele tu.

Lema_Kisu:

Dada, nimesoma kwingine kwamba rula za kioo za maikroni 5 (vipimo vya mahali pa meza) zikifungwa mezani zinamaliza pleyi yote. Na je, sisi wa GRBL (programu nyingine ya kuendesha mashine) tufanyeje?

DadaSevo:

Rula inakuambia meza iko wapi, haishiki meza. Ukiifanya iwe enkoda pekee, pleyi inaingia ndani ya kitanzi: mota inageuza, rula haioni kitu, PID inaongeza amri, meza inagongwa, imepita. Inawinda huku na huko bila kutulia. Anayetaka rula aache P ibaki kwenye enkoda ya mota na aipe rula I ya polepole tu, kwa PID mbili zinazojumlishwa, na pleyi iwe imeshashushwa chini ya 0.02. Pia kumbuka maikroni 5 ni hatua nene mara 20 kuliko enkoda ya hapo juu.

GRBL ya kawaida haina fidia ya pleyi. Kwa mashine hiyo beringi na nati ndizo dawa, na kwenye CAM (programu ya kutengeneza njia ya kisu) kuamuru mashine ifikie kila shimo ikitokea upande mmoja, mfano ipite mm 1 nyuma ya X na Y kisha isogee mbele.

SkrubuTano:

BK12 yenye 7001 imefungwa kwenye X, kibao kimesafishwa. Mwisho wa skrubu sasa 0.004, jumla 0.035. Nati bado sijaigusa. P = 60, FF1 = 1, FF2 = 0.002, I = 15, DEADBAND = 0.0005. Kimya ikisimama, G0 haizimi tena. Niandike BACKLASH = 0.035?

GololiMoja:

Andika 0.03. Fidia ikipungua kidogo unabaki na kikovu cha maikroni chache; ikizidi, meza inapigwa teke nje ya njia na endimili inachimba shimo ambalo huwezi kulirudisha. Pima tena kwa utaratibu uleule wa X-2, X0, X1, X0: geji ibaki upande uleule wa sifuri, isivuke.

Halafu kata duara mara mbili, G2 na G3, kwa F300 na F1200, ulipime kila nyuzi 45. Duara linasema mengi likisomwa vizuri:

Ngazi au bapa penye X au Y kugeuza, ukubwa uleule kwa F300 na F1200: pleyi bado ipo.

Kijinundu kifupi palepale, kinachokua fidi ikiongezeka: msuguano na muda wa kugeuza. Shughulikia mafuta ya slaidi (VG 68 ya slaidi, si oili ya injini) na FF2.

Yai lililolala kwenye nyuzi 45 na likahamia upande wa pili ukibadili G2 kuwa G3: X na Y hazifuati sawa. P na FF1 za mihimili yote miwili zilinganishe, hata kama Y ingeweza kubeba P kubwa zaidi.

Yai la nyuzi 45 lisilohama kwa G2 wala G3: X na Y haziko kwenye pembe mraba. Hilo la boliti na skwea, hakuna namba ya faili itakayolirekebisha.

Y yako ya 0.05 ina kibebeo cha aina ileile? Fungua uangalie kabla hujaandika chochote kwenye JOINT_1 (sehemu ya Y katika faili).